Neno la Bwana Shamba: Jibini ni Akiba ya Maziwa

Wewe wa Mlalo, wa Mtae au wa Bumbuli unajua taabu ya maziwa wakati wa masika. Umekamua asubuhi. Njia ina utelezi. Gari halikuja. Kufika kesho yake, maziwa yamechacha.

Watu wa Uswisi nao ni watu wa milimani. Tangu zamani, miezi ya joto hupandisha ng'ombe juu sana, mbali na soko. Maziwa yangeharibika huko. Kwa hiyo wakayageuza kuwa jibini. Maziwa hugandishwa, hukamuliwa maji, hutiwa chumvi, kisha huwekwa yakomae. Jibini gumu hukaa miezi mingi bila kuharibika.

Katika bonde la Emmental hutengenezwa jibini lenye matundu. Matundu hayo si kazi ya panya! Ni vijidudu vizuri vinavyotoa hewa ndani, jibini linapokomaa. Ladha yake ni tamu kidogo, kama ya karanga. Huliwa na mkate. Jibini jingine la Uswisi huyeyushwa motoni na kumwagwa juu ya viazi vya kuchemsha. Viazi sisi tunavyo. Na jibini pia hutengenezwa kwetu, huko Irente, karibu na mji wa Lushoto.

Sasa tufanye hesabu. Kilo 1 ya jibini la Emmental hutaka lita 12 za maziwa. Jibini moja zima huweza kupita kilo 75. Hizo ni lita 900! Ng'ombe wa mtu mmoja hawatoshi. Majirani huchanganya maziwa yao.

Hapo ndipo penye neno langu. Ukitia maji, jibini hupungua. Ng'ombe akichomwa sindano ya kuua vijidudu, dawa huingia katika maziwa. Dawa hiyo huua hata vijidudu vizuri vya jibini. Maziwa yako yataharibu ya jirani zako wote. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Basi, ndugu mfugaji, fanya hivi:

Osha mikono na kiwele kabla ya kukamua.

Tumia chombo safi chenye kifuniko.

Ng'ombe akichomwa sindano, muulize bwana mifugo ungoje siku ngapi. Maziwa ya siku hizo usiuze, wala usinywe.

Maziwa ya kunywa nyumbani, yachemshe kwanza.

Jibini zuri huanzia zizini kwako. Haya, tuonane mwezi ujao.