Hebu mwachie mtoto kadi yake

Wazazi wengi huharibu kadi ya mtoto kwa nia njema. Mtoto anapaka rangi kadi ya bibi yake, jua amelipaka kijani. Mzazi anapita, anatazama, anasema: "Jua gani la kijani? Lete nikuonyeshe." Kadi inapendeza zaidi, lakini tangu hapo si ya mtoto tena. Hali hiyo ikijirudia, mtoto huanza kusema hajui kuchora, kisha huacha kabisa.

Badala ya kusahihisha, mwambie: "Nisimulie kadi yako." Huenda ukajibiwa kwamba jua ni la kijani kwa sababu bibi hukaa chini ya mwembe.

Njia nyingine ni mzazi naye kuketi na karatasi yake. Mwenye brashi yake mkononi hana muda wa kurekebisha kazi ya mwenzake, na baada ya wiki ya kazi na foleni, nusu saa ya kutazama rangi ikisambaa kwenye maji humpumzisha.

Vifaa ni vichache: kiboksi cha rangi za maji za wanafunzi, brashi mbili na karatasi ya manila. Karatasi ya daftari haifai, ikilowa hujikunja na kuchanika. Kata manila kwa ukubwa wa nusu ya A4, ikunje katikati, tayari ni kadi. Tandikeni gazeti mezani, wekeni kitambaa na vikombe viwili vya maji: kimoja cha kuoshea brashi, kingine cha kuchanganyia rangi.

Anzeni na rangi hafifu, zilizokolea zifuate. Mkitaka rangi ipauke, ongezeni maji. Panapotakiwa weupe, acheni karatasi bila kuipaka. Rangi mbili zikikutana zikiwa mbichi huingiliana. Mkitaka zisichanganyike, ya kwanza ikauke kwanza.

Watoto hufurahia sana mchezo wa mshumaa. Mtoto aandike jina la bibi kwa mshumaa mweupe kwenye karatasi nyeupe. Halionekani. Kisha apitishe rangi ya bluu juu yake: nta hukataa maji, na jina hujitokeza jeupe.

Ndani ya kadi, asiyejua kuandika aseme, mzazi aandike maneno yaleyale bila kuyanyoosha. "Bibi, kuku wako mkali hajambo?" ni salamu tosha.

Kadi kama hizi zinafaa sikukuu, mgonjwa wa nyumbani, au kaka anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Ujumbe wa simu hufutwa simu ikijaa, lakini kadi hukunjwa ikawekwa sandukuni kwa miaka.

Akipatikana msafiri wa kwenda kijijini, mtoto amkabidhi kadi kwa mkono wake mwenyewe. Na ile ya mzazi, yenye ua lililopinda, nayo iende.