Kabla Hujabonyeza "Kubali", Uliza Namba Mbili

Mkopo wa simu ni rahisi. Ukiwa Keroka, Ogembo ama Nyamira mjini, dakika mbili tu na pesa imeingia. Shida ni kwamba wengi huchagua mkopo kwa kuangalia namba moja pekee: kinachokatwa mwanzoni. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapoumia.

Ada ya mkopo ina sehemu mbili: inayokatwa mara moja, na inayoongezeka kila siku. Mikopo tunayoijua Kenya hutofautiana hapo. M-Shwari, iliyoanza 2012, hutoza ada moja ya siku 30. Fuliza, iliyoanza 2019, huhesabu siku.

Tuchukue mfano, si bei ya kampuni yoyote. Unataka Sh3,000.

Mkopo A: Sh30 mwanzoni, halafu Sh25 kila siku.
Mkopo B: Sh225 mara moja, ukilipa ndani ya siku 30.

Kwa macho, A ni rahisi sana. Sasa tuandike. Siku tuziite s:

A = 30 + 25s
B = 225

Hii ni ile hesabu ya mistari ya Kidato cha Pili. 30 ni mahali mstari unapoanzia. 25 ni mwinuko wake. Mtu anayepanda Manga anajua: haijalishi umeanzia chini kiasi gani, mlima ukiwa mkali utafika juu haraka. Mstari wa B hauna mwinuko. Unaanzia juu, lakini unabaki tambarare hadi siku ya 30.

Inakutana wapi?

30 + 25s = 225
25s = 195
s = 7.8

Kwa hivyo ukilipa siku ya 7, A ni Sh205, umeokoa Sh20. Siku ya 8 ni Sh230, B imekuwa nafuu. Siku ya 20, A imefika Sh530, zaidi ya mara mbili ya B.

Basi mkopo mzuri ni upi? Inategemea pesa yako inarudi lini. Mama anayenunua ndizi leo na kuziuza zote Daraja Mbili baada ya siku tatu, A inamfaa: ada ni Sh105. Mkulima wa majani chai anayengoja malipo ya mwisho wa mwezi, A itamla pole pole bila yeye kujua. Mkopo ni ule ule, lakini faida ya mmoja ni hasara ya mwingine.

Wengine watasema hesabu hii ni ya wasomi. Sikubali. Mtu wa soko akikodi pikipiki Sh600 na kununua mikungu ya Sh400 kila mmoja, anapiga hesabu kichwani: 600 jumlisha 400 mara mikungu. Ni hesabu ile ile, tofauti ni kwamba sokoni anaona namba zote mbili.

Na hapo sisi watoa huduma tuna deni. Kuandika "ada ni Sh30 tu" kwa herufi kubwa na kuficha ada ya kila siku kwenye masharti marefu si haki. Namba zote mbili zinafaa kuonekana pamoja, juu ya kitufe cha "Kubali".

Hadi hilo lifanyike kila mahali, jiulize mwenyewe: Naanzia ngapi? Inapanda ngapi kwa siku? Na mimi nitalipa siku ya ngapi? Usipopata jibu la moja kati ya hayo, usibonyeze bado.