Ahadi tulizotoa kaburini kwa baba huyu ziko wapi?

Jumapili ya leo nataka tutafakari pamoja namna ya kumkumbuka baba aliyeipenda familia yake, hasa baada ya sisi sote kumzika, kunawa mikono na kurudi makwetu.

Nianze na jambo linalonihusu mwenyewe. Mwezi Mei mwaka jana tulimzika jirani yangu, fundi bomba, ambaye tulisali naye jumuiya moja kwa miaka mingi. Tulisafiri na mwili usiku kucha kutoka Dar es Salaam hadi kwao Rungwe. Pale kaburini ukasomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi wapi, aliugua lini, na kwamba ameacha mjane na watoto wanne. Yote yaliyosomwa yalikuwa kweli, lakini ungeweza kuyasikia yote na usimjue.

Baba ninayemkumbuka mimi alikuwa anapima miguu ya watoto wake kwa kipande cha uzi. Alipiga fundo mahali kidole kilipoishia, akauweka uzi mfukoni, na Jumamosi akaenda Karume kutafuta viatu vya mitumba vinavyowatosha. Madaftari ya Januari alianza kuyanunua Oktoba, mawili matatu kila alipolipwa kibarua. Siku moja alimkaripia mkewe bila kosa. Jioni akamwomba radhi mbele ya watoto wote. Mambo kama hayo hayaingii kwenye wasifu kwa sababu hayana cheti wala tarehe, lakini ndiyo yaliyowafanya watoto wake wamkimbilie kila aliporudi na mfuko wake wa spana begani.

Siku hiyo nilipewa kipaza sauti niseme kwa niaba ya majirani. Nikamwambia mjane, "Mama, hauko peke yako. Watoto hawa ni wetu sote." Watu wakaitikia amina. Tukarudi Dar es Salaam, turubai likafunguliwa, viti vya kukodi vikarudishwa, na mimi nikaendelea na shughuli zangu.

Januari mwaka huu, siku ya shule, saa nne asubuhi, nilimkuta binti yao wa pili dukani. Akaniamkia kwa heshima. Nikamuuliza mbona hayuko darasani. Akainamisha macho akasema, "Viatu vimekuwa vidogo, baba. Mama amesema nisubiri hadi mwisho wa mwezi."

Ada imeondolewa katika shule za serikali, lakini viatu, sare na madaftari bado ni juu ya mzazi. Na mzazi aliyekuwa anapima miguu kwa uzi tulikuwa tumemzika miezi minane iliyopita. Kutoka mlango wangu hadi wao hazizidi hatua hamsini. Katika miezi yote hiyo nilikuwa nimewapungia mkono tu.

Ndugu yangu, jambo hilo lilinirudisha kwenye Injili, kwa Yusufu mume wa Mariamu. Hakuna neno hata moja la Yusufu lililoandikwa katika Injili zote nne. Tunachoelezwa ni matendo yake. Alimchukua Mariamu nyumbani kwake wakati angeweza kumwacha (Mathayo 1:24). Aliamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akakimbilia Misri (Mathayo 2:14). Kijana alipokosekana safarini kutoka Yerusalemu, alimtafuta pamoja na mama yake kwa uchungu hadi walipompata hekaluni (Luka 2:46-48). Baada ya hapo hatumwoni tena. Harusini Kana yupo Mariamu, Yusufu hatajwi. Msalabani yupo Mariamu, Yusufu hayupo. Ndiyo maana walimu wengi wa Kanisa tangu zamani wameamini kwamba wakati huo alikwisha kufariki.

Sasa tazama Bwana wetu anavyomkumbuka. Watu wa kwao walimwita mwana wa seremala (Mathayo 13:55), na katika Marko 6:3 yeye mwenyewe anaitwa seremala. Maana yake kazi ya baba iliendelea mikononi mwa mwana. Kisha pale msalabani, akiwa katika maumivu makali, Yesu anamwona mama yake amesimama, anamkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda. Injili inasema tangu saa ile mwanafunzi yule alimchukua nyumbani kwake (Yohana 19:26-27). Hakuahidi kwamba atapita siku moja kumsalimia. Alimchukua saa ile ile.

Vivyo hivyo katika Matendo ya Mitume sura ya 9, Dorkasi alipofariki kule Yafa, wajane hawakumsomea Petro wasifu. Walimwonyesha nguo alizowashonea. Kumbukumbu ya mtu aliyependa iko kwenye miili ya wale aliowavika na kuwalisha. Wakianza kutembea na viatu vinavyowabana, sisi tuliosema tunamkumbuka tumekwisha kumsahau, hata kama picha yake tumeitundika sebuleni.

Naomba hapa nizungumze na makundi matatu.

Kwanza, ndugu wa marehemu. Vikao vya ukoo baada ya mazishi vina heshima yake, lakini mara nyingi ndipo mjane anapoanza kuulizwa funguo za nyumba na kadi ya pikipiki kabla hajakausha machozi. Mahakama inapomteua mmoja wenu kuwa msimamizi wa mirathi, inamkabidhi kazi ya kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake, kugawa kinachobaki kwa warithi na kurudisha hesabu mahakamani. Usimamizi haumfanyi kuwa mmiliki. Mungu alionya waziwazi juu ya kumtesa mjane na yatima, akasema atasikia kilio chao (Kutoka 22:22-23). Kama kweli mlimpenda kaka yenu, mpendeni kwa kuilinda nyumba aliyoijenga.

Pili, akina baba tulio hai. Wengi wetu tunaogopa kuandika wosia tukidhani ni uchuro. Hebu soma Isaya 38. Mfalme Hezekia aliagizwa atengeneze mambo ya nyumba yake, na baada ya kuomba kwa machozi akaongezewa miaka 15. Kuweka mambo sawa hakukumwahisha kaburini! Andika wosia ukiwa na afya na akili timamu, mbele ya mashahidi. Unaweza kuutunza kwa wakili au RITA. Mweleze mkeo kiwanja kiko wapi, hati iko wapi, nani unamdai na nani anakudai. Huo nao ni upendo, kama ule wa kununua madaftari Oktoba.

Tatu, sisi majirani na waumini wenzake. Tunachanga vizuri sana siku ya msiba: jeneza, basi, chakula, mashada. Sanduku la rambirambi likishafunguliwa, tunaona kazi imekwisha. Lakini Yakobo anasema dini iliyo safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao (Yakobo 1:27), na dhiki hiyo haianzi siku ya mazishi yenye umati wa watu. Inaanza nyumba ikishakuwa kimya. Kama ulitoa ahadi mbele ya kaburi, ile ni ahadi mbele za Mungu. Ipelekeze.

Jioni ile nilikwenda na mke wangu kwa yule mama. Nilimwomba msamaha, naye akanisamehe kwa upole ambao sikuustahili. Kisha nikaomba uzi. Watoto wakacheka, maana waliujua mchezo ule, wakanyoosha miguu mmoja baada ya mwingine. Yule mdogo kabisa akaniambia fundo nimelipiga vibaya, baba yao hakuwa anapiga vile. Akanionyesha.

Siku hizi nyumba tano za jumuiya yetu tunapokezana, kila mwezi nyumba moja. Bado haitoshi, na hakuna kati yetu anayeweza kuwa baba yao. Lakini binti yule amerudi darasani.

Tuombe: Ee Mungu Baba, tunakushukuru kwa akina baba waliotupenda na sasa wamelala. Utusamehe ahadi tulizozisahau. Utupe mikono ya kuendeleza walichokianza, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.