Haki za Mzimamoto Juu Yetu



Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya watu ambao hatuwakumbuki ila siku ya msiba, nao ni askari wa zimamoto. Haki za jirani, haki za mgonjwa na haki za maiti twazijua sote, maana tumezisoma chuoni tangu utotoni. Lakini mtu atokaye nyumbani kwake usiku wa manane, akawaacha mkewe na wanawe, akaingia katika nyumba inayowaka ambayo mwenyewe ameikimbia, je, huyu naye hana haki juu yetu? Naam, anazo, tena nyingi, na wengi wetu hatuzitimizi.

Yafaa kwanza tujue cheo cha kazi hii. Qurani yatufundisha katika Suratul-Maida kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Na Mtume wetu, S.A.W., amemhesabu aliyekufa kwa kuungua miongoni mwa mashahidi. Fiqhi nayo imeipa kazi ya uokozi nafasi kubwa: mwenye kusali akiona mtoto anaangukia motoni hukata sala yake akamwokoe, na aliyefunga huruhusiwa kufungua ili amtoe anayezama, kisha siku yake akailipa. Basi askari aliyeitwa kwenye moto mchana wa Ramadhani, akashindwa kwa joto na kiu hata akahofia kuanguka, asidhani kuwa amemwasi Mola wake kwa kunywa maji. Awaulize masheikh namna ya kulipa.

Walakini cheo cha shahidi si ruhusa ya kumpeleka mtu akafe. Mola wetu ametukataza kujitupa katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe. Kuokoa ni ibada, na kumlinda mwokozi ni wajibu. Anayelishika moja na kuliacha la pili hakuifahamu dini yake.

Katika jambo hili tunacho kisa kizito kilichopokewa na Sayyidna Ali na kuandikwa na Imamu Bukhari. Mtume, S.A.W., alipeleka kikosi, akawawekea amiri, akawaamuru wamtii. Huko njiani yule amiri akakasirika. Akawaambia wakusanye kuni, wawashe moto, kisha akawaamuru waingie ndani yake. Wengine walikaribia kuingia, na wengine wakazuiana, wakisema kuwa wao walimkimbilia Mtume ili waokoke na moto, vipi tena wauingie? Wakabaki katika hali hiyo mpaka moto ukazimika na hasira ya amiri ikatulia. Khabari zilipomfikia Mtume alisema kwamba lau wangaliingia wasingalitoka humo tena, na kwamba utii ni katika lililo jema tu.

Tukizingatie kisa hiki. Amiri yule alikuwa na haki ya kutiiwa, na askari wake hawakuwa waoga. Kosa lilikuwa katika amri yenyewe. Basi kila mkuu anayemwingiza kijana katika moshi bila mafunzo, bila mtungi wa hewa mgongoni na bila mwenziwe ubavuni, naye ajitazame katika kioo cha kisa hiki. Na sisi raia tunaosimama nje tukipiga kelele, "Ingieni! Ingieni! Mnaogopa nini?" hali twaona paa linainama, nasi tuna sehemu yetu katika amri ile.

Ujuzi wa kazi hii una taratibu zake. Askari hawaingii mmoja mmoja bali wawili wawili au zaidi. Majina yao huandikwa mlangoni pamoja na saa waliyoingia na hewa waliyo nayo katika mitungi, ili mkuu ajue nani yumo na nani ametoka. Nje hubaki wengine waliokwisha kuvaa, tayari kuwatoa wenzao wakikwama. Na mkuu akiona kuta zinapasuka au paa linalegea, huamuru watu watoke, hata kama mali bado inaungua. Kurudi nyuma hapo hakuvunji tawakkul. Sayyidna Umar, alipokuwa akienda Sham akaambiwa kuwa tauni imeingia huko, alifanya shauri na masahaba kisha akarudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa anaitoka kadari moja ya Mungu na kuiendea kadari nyingine ya Mungu huyo huyo.

Sasa tutazame hali ya kwetu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lililopo sasa limesimama juu ya sheria ya mwaka 2007, nalo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Hapo kabla kazi hii ilikuwa zaidi mikononi mwa halmashauri za miji. Jeshi lina chuo chake huko Chogo, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Vijana wetu wa Mbeya na Iringa wanaotafuta kazi ya halali yenye thawabu wasiipite hii kwa kuidharau. Lakini wajue kuwa yataka afya, nidhamu na kusoma kusikokwisha. Mpira wa maji, ngazi, kamba na mtungi wa hewa ni kama tajwidi: asiyerudia kila siku hupotewa na ulimi, na hapa kupotewa ni kufa.

Tena kuna jambo la afya, nalo halionekani kwa macho. Wengi hudhani kuwa hatari ya mzimamoto ni ndimi za moto peke yake. La! Moshi ndio muuaji mkubwa. Ndani yake mna hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu na kuizuia isichukue hewa safi. Ni hewa hiyo hiyo inayowaua watu wa nyanda zetu za juu wanapoingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi, wakafunga madirisha, wakalala wasiamke. Moshi wa siku hizi umezidi ukali kwa sababu ya magodoro ya sponji, mazulia, nyaya na vyombo vya plastiki.

Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba kazi ya kuzima moto ni miongoni mwa mambo yanayojulikana kwa yakini kuwa husababisha saratani. Zilizotajwa wazi ni ya kibofu cha mkojo na ile inayoshika ngozi laini iliyozunguka mapafu. Sumu hiyo haimwingii mtu kwa pua tu, hupita hata katika ngozi. Masizi yaliyoganda katika koti na kofia hurudi naye kituoni, na asipoangalia hurudi naye nyumbani. Basi enyi akina mama mlioolewa na askari hawa, nguo za motoni zisichanganywe na nguo za watoto, wala zisitundikwe chumbani. Askari mwenyewe na aoge upesi amalizapo kazi kabla hajampakata mwanawe. Sisi tuliofundishwa tohara tangu udogo hatuwezi kuliona jambo hili kuwa zito.

Moyo nao una khabari yake. Huko Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa katika kila wazimamoto 100 wanaokufa wakiwa kazini, 45 huuawa na ugonjwa wa moyo. Mtu huamshwa ghafla, hupanda gari mbio, huvaa vazi zito na mtungi mgongoni, kisha hufanya kazi ngumu katika joto kali huku jasho likimkausha. Moyo usiozoezwa hauyastahimili hayo. Kwa hiyo mazoezi, kupimwa na daktari kila mwaka, kuacha sigara, kunywa maji na kupokezana zamu ni silaha za kazi hii. Mkuu anayewanyima vijana wake mapumziko amewapunguzia silaha.

Wala tusisahau majonzi. Aliyebeba maiti ya mtoto aliyeungua hawezi kuiacha picha hiyo mlangoni kama viatu. Akikosa usingizi au akipandwa na hasira, asiambiwe kuwa imani yake ni dhaifu. Mtume, S.A.W., alimlilia mwanawe Ibrahimu. Askari huyu azungumze na wenzake, na mkuu wake, na imamu wake, na daktari akihitajika.

Nani basi humpeleka mzimamoto katika hatari hizi? Mara nyingi ni sisi. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Mtume, S.A.W., aliposikia alisema kuwa moto ni adui yetu, akatuagiza tuuzime kabla ya kulala. Na katika mapokezi mengine ametaja panya anayeweza kuuburura utambi wa taa na kuwaunguza wenye nyumba. Fikirini, agizo hili lina zaidi ya miaka elfu moja na mia nne. Na Agosti 2009, katika shule ya sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, bweni liliungua usiku na wasichana 12 wakafariki, na chanzo kilichotajwa ni mshumaa. Mwaka 2020 msiba kama huo uliingia katika shule zetu za Kiislamu: Julai, watoto watatu katika bweni la wasichana Ilala, Dar es Salaam, na Septemba, watoto 10 katika shule ya Byamungu, Kyerwa, mkoani Kagera. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Mbeya nayo twaijua. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, na vibanda vya SIDO hapo Mwanjelwa vikaungua mwaka 2011 na tena mwaka 2017. Kila mara lawama ni ile ile: gari limechelewa, gari halina maji. Lawama nyingine ni za haki, na wenye mamlaka wajibu. Lakini tufanye hesabu. Gari lenye lita 5,000, likitoa lita 500 kwa dakika, hukauka kwa dakika 10. Pasipokuwa na mahali pa kuchota maji karibu, au pakiwa pamejengewa kibanda juu yake, askari afanye nini? Na vibanda vikibanana hata mkokoteni haupiti, gari kubwa litapita wapi?

Vilevile Agosti 2019, siku mbili tatu kabla ya Idi ya kuchinja, watu zaidi ya 100 waliangamia Msamvu, Morogoro, waliposongamana kuchota mafuta ya lori lililopinduka. Barabara hiyo hiyo ndiyo ipitayo kwetu, Iringa, Mafinga, Mbeya hata Tunduma, na malori hayo twayaona kila siku. Na huko Mufindi, katika msitu wa Sao Hill uliojaa misindano, moto wa mtu mmoja anayesafisha shamba wakati wa kiangazi waweza kuwaita wanakijiji wote waingie moshini na matawi mkononi, bila hata kitambaa cha pua.

Basi haki za mzimamoto juu yetu ni hizi:

Kwanza, tusiuwashe moto ambao yeye atakuja kuuzima. Mishumaa, majiko na pasi vizimwe kabla ya kulala. Nyaya zitengenezwe na fundi anayejua, na shamba lisichomwe ila kwa idhini na kwa kulichungia upepo.

Pili, kila bweni na kila madrasa iwe na milango miwili inayofunguka kwa ndani, na madirisha yasifungwe kwa nondo zisizofunguka. Watoto wafanyishwe zoezi la kutoka gizani, wakijua pa kukusanyika na kuhesabiwa.

Tatu, namba ya zimamoto ni 114. Kila mtoto aihifadhi. Anayepiga ataje mahali, kinachoungua, na kama mna watu ndani, kisha mtu mmoja asimame barabarani awaongoze. Na anayepiga kwa mzaha ajue kuwa amesema uwongo unaoweza kuua.

Nne, tuwaachie njia na mahali pa maji. Tusiwatupie mawe wala matusi, wala tusiwasukume waingie pale ambapo mkuu wao amewazuia.

Tano, tudai kwa madiwani na wabunge wetu magari, mavazi, mitungi ya hewa na matibabu ya askari hawa, kama tunavyodai barabara na visima. Kazi hii ni faradhi ya kutoshelezana: wakiifanya baadhi yetu, wengine wamesalimika na dhambi. Lakini asiyeifanya hana ruhusa ya kumwacha anayeifanya mikono mitupu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atulinde na moto wa dunia na wa akhera, awahifadhi wanaoingia motoni kwa ajili yetu, na awape viongozi wetu huruma na ujuzi. Amin.

Wabillahi tawfiq.