Kyoto: Kodi mpya yamwacha mgeni wa kutwa

KYOTO, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Japani kwa zaidi ya miaka 1,000, umeelemewa na watalii. Mwaka 2023 ulisitisha kuuza tiketi ya basi ya siku nzima, kwani wenyeji walikosa nafasi katika mabasi yao wenyewe. Mwaka 2024 vichochoro binafsi vya Gion, mtaa wa mageisha, vikafungwa kwa wageni. Anayekaidi hutozwa yeni 10,000.

Kuanzia Machi 2026, kiwango cha juu cha kodi ya malazi kilipanda kutoka yeni 1,000 hadi 10,000 kwa mtu kwa usiku. Mwanya umebaki wazi, tena mkubwa. Alalaye Osaka, mwendo wa nusu saa kwa treni, halipi kodi hiyo, ilhali naye hupanda basi lile lile la kwenda hekalu la Kiyomizu.