Roketi ya Kukodi, Funguo za Kwetu

Mahindi yangu hayajawahi kusafiri kwa gari langu, maana sina gari. Kila msimu hapa Kizwite nakodi Fuso, namlipa dereva, naye anayafikisha Tunduma. Ila mdomo wa gunia nashona mwenyewe, kwa sindano yangu na uzi wangu.

Nasema haya kwa sababu vijana wa mtaani, wakijua kuwa nilikuwa mtu wa redio jeshini, wameniuliza: jeshi linawezaje kurusha setilaiti yake ya mawasiliano kwa roketi ya mfanyabiashara wa Marekani? Siri hazitaibwa?

Wajukuu zangu, Korea Kusini walifanya hivyo Julai 20, 2020. Setilaiti yao ya kijeshi, ANASIS-II, ilipandishwa kutoka Florida na Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX. Roketi ni mchukuzi. Ikishautua mzigo huko juu kazi yake imekwisha, na tangu hapo setilaiti inamtii mwenye namba zake za siri. Hata Waingereza, setilaiti yao ya kwanza ya jeshi, Skynet-1A, ilipandishwa na roketi ya Marekani Novemba 1969, ikawekwa juu ya upande huu wa mashariki ya Afrika. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi Ufipa, nao wanapitisha maneno yao juu ya vichwa vyetu! Majirani zetu wa Kenya walipanda Falcon 9 hiyohiyo Aprili 15, 2023 na Taifa-1, ingawa hiyo ni ya kupiga picha za ardhi.

Kukodi roketi hakunitishi. Kinachonitisha ni kukodi setilaiti yenyewe.

Vita vya Kagera tulirusha waya juu ya mti, mmoja anazungusha jenereta kwa mkono, mwingine anaita. Sauti ilikuja na kupotea, hasa usiku, na mikono iliuma. Lakini waya ukikatika tuliunga wenyewe, wala hapakuwa na mtu wa mbali wa kutuambia leo hamtaongea. Sasa tazameni Ukraine. Jeshi lao liliegemea Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti ya SpaceX hiyohiyo, na mwaka 2022 walipotaka huduma hiyo iwashwe karibu na Crimea, mkuu wa kampuni hiyo, Elon Musk, alikataa. Nchi iko vitani, na neno la mwisho ni la mwenye kampuni.

Kwetu jambo hili si la mbali. Kongo ni ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, na wanajeshi wetu wamekuwa huko kulinda amani tangu 2013. Desemba 2017, pale Semuliki, tulipoteza vijana wasiopungua 14 katika shambulio moja. Tangu siku ile, nikisikia neno mawasiliano nawafikiria wao, wako porini na giza limeingia, wanaita.

Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa Tanzania imeanza maandalizi ya kuwa na setilaiti yake. Siku ikifika ya kuwapa na wanajeshi ya kwao, nawaomba waheshimiwa wabunge msipoteze muda kubishana juu ya roketi ya nani. Ulizeni namba za siri zitashikwa na nani, na kituo cha kuiongoza kitajengwa kwenye ardhi ya nani. Mkataba usiojibu hayo, urudisheni.