Gari likigoma kwa joto, tupime kwanza kabla ya kununua spea

Asiyewahi kupanda barabara ya Bujumbura kwenda Bugarama hawezi kuijua adha ninayotaka kuizungumzia. Gari linatoka mjini, kwenye karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na katika kilomita chache tu linafika zaidi ya mita 2,000. Dereva anazima injini ili abiria wanunue karoti na kabichi. Dakika kumi baadaye anapiga stata, gari linagoma. Abiria wanasukuma. Akija fundi, neno la kwanza ni "pampu imekufa". Pampu ikinunuliwa na gari likagoma tena, inakuwa zamu ya betri, kisha koili.

Hoja yangu ni moja. Gari linalogoma likiwa na joto na kukubali likishapoa halina mzimu. Lina ugonjwa unaopimika, ila unapimika wakati wa joto. Kubadilisha spea kwa kubahatisha ni kumnyang'anya mfanyabiashara mdogo mtaji wake, hata kama fundi hana nia mbaya. Mama aliyekodi gari kupeleka nyanya Kobero, au aliyepakia ndagala, bidhaa yake haingoji injini ipoe. Hasara ni yake, ada ya mtoto ni yake, na deni la ushirika ni lake.

Mimi ni mwalimu. Nimesomea ukimbizini, katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na somo la sayansi tulilopewa kule halikuwa na vifaa vingi. Lakini lilitufundisha kanuni hii: badilisha kitu kimoja, angalia, kisha uamue. Kanuni hiyo inafaa gereji kuliko mahali pengine popote.

Kabla ya yote, tazama mshale wa joto. Kama gari limechemsha, shughulikia hilo kwanza, na kamwe usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto. Kama joto ni la kawaida, swali la kwanza ni hili: stata inazungusha injini au haizungushi?

Ikilia "tik" na kunyamaza, au injini ikizunguka kwa uchovu, achana na mambo ya petroli. Angalia betri, vichwa vyake, waya wa hasi unaofungwa kwenye injini na bodi, kisha stata yenyewe. Joto huongeza ukinzani wa umeme kwenye shaba. Stata iliyochakaa, ambayo asubuhi ilijikongoja, mchana hushindwa kabisa.

Kama injini inazunguka vizuri lakini haishiki, pima moto wa plagi hapo hapo, kabla haijapoa. Moto ukikosekana, washukiwa wakubwa ni koili na sensa ndogo inayosoma mzunguko wa kranki. Waya mwembamba ulio ndani ya sensa hiyo hutanuka kwa joto na kukata mawasiliano, ukipoa hurudi. Ndiyo maana gari huwaka baada ya nusu saa, na fundi aliyelikuta limepoa huapa kwamba halina tatizo.

Kama moto upo, mafuta ni machache au yamezidi. Ukinusa petroli kali, huenda nozeli inavuja, au sensa ya joto la maji inaidanganya kompyuta kwamba injini ni baridi. Kwenye magari mengi ya nozeli, ukikanyaga mafuta hadi mwisho huku ukipiga stata, petroli hupunguzwa au hukatwa. Likiwaka kwa njia hiyo, umeshapata dalili. Usiponusa kitu, sikiliza pampu na upime presha. Magari ya kabureta yana shida yake: juu milimani petroli huchemka upesi kuliko Bujumbura, na mvuke huziba njia. Nayo dizeli yenye pampu ya zamani, kama zile Hiace tunazozijua, ina hadithi nyingine. Dizeli ya moto huwa nyepesi, pampu iliyochakaa huivujisha ndani kwa ndani, na presha haipatikani kwa mwendo wa stata.

Hapa kwetu kuna mambo mawili yanayozidisha tatizo. La kwanza ni mafuta. Tangu uhaba ulipoanza kutubana, na hasa katika miaka ya 2024 na 2025, wengi wamezoea kutembea tangi likiwa karibu tupu, na kujaza kutoka kwenye vidumu visivyojulikana vilikotoka. Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe. Tangi likikauka, pampu huungua taratibu. Chujio likijaa uchafu, hufanya kazi maradufu. Ukibadilisha pampu bila kuchunguza tangi na chujio, utainunua tena.

La pili ni lugha. Sisi tuliorudi kutoka Tanzania tunasema stata, plagi na koili. Fundi wa Gitega anasema demareri, buji na bobini. Mtu anatuma ujumbe Kigoma aletewe spea, kinakuja kifaa kingine, na muuzaji harudishi pesa. Ushauri wangu kwa wavusha bidhaa ni mdogo: fungua kifaa, kipige picha, andika namba iliyochapwa juu yake, na tuma hiyo namba badala ya jina.

Najua yapo majibu. Madereva watasema hawana muda wa vipimo. Lakini kupima moto wa plagi kwa fundi anayejua ni kazi ya dakika chache, na kungoja spea isiyohitajika ni kazi ya siku nzima. Mafundi watasema hawana mashine. Taa ya majaribio na mita ya umeme ya kawaida si mashine za matajiri. Wengine wataendelea kuacha injini ikinguruma kwenye foleni ya mpakani kwa kuhofia kuizima. Hiyo si tiba. Ni kuteketeza petroli tunayoitafuta kwa tochi.

Kwa hiyo napendekeza vyama vya madereva wa Kobero na Bugarama vichange pesa, vinunue mita na kipimo cha presha vya matumizi ya pamoja. Mwenye gari naye aweke masharti: hakuna spea kununuliwa kabla fundi hajaonyesha kipimo, na kifaa cha zamani kirudishwe mkononi mwa mwenye mali. Shule zetu za ufundi nazo zitahini wanafunzi kwa kutafuta ubovu, si kwa kufungua na kufunga tu.

Tulirudi nyumbani na mikono mitupu, wengi wetu kati ya 2008 na 2009. Mtaji tulioujenga tangu hapo ni mdogo na umetutoa jasho. Usiishie kwenye kubahatisha. Fundi akikwambia "jaribu kununua hiki", muulize kwa heshima: umekipima lini, na injini ilikuwa na joto au imepoa?